Mgeni, Fisi Maji wa Wattaya

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, ateremshaye mvua juu ya majabali makavu, akayapitisha maji chini ya ardhi mpaka yakamfikia mwenye kiu asiyejua yametoka wapi. Namshukuru kwa umri alionipa, kwa macho ambayo bado yanaweza kusoma, na kwa nyinyi vijana mnaokaa kunisikiliza hata ninaporudia maneno. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, aliyetufundisha tusiyafuje maji hata tukiwa ukingoni mwa mto.

Mkipita Wattaya, hapa Maskati, siku hizi mnatazama magari mapya nyuma ya vioo vya maduka. Mimi nikipita natafuta kisima. Palikuwa na mashamba pale, mitende na ndimu na majani ya ng'ombe, na katikati ya shamba moja la tajiri wa Matrah palikuwa na hodhi la maji refu kuliko sebule zenu. Mlinzi wa hodhi hilo nilikuwa mimi. Nilifika Maskati mwaka ule wa sitini na nne, kijana kutoka Unguja, na nguo nilizovaa na Kiarabu cha chuoni ambacho watu wa hapa wakikisikia walicheka mpaka wakashika mbavu. Nilikuwa nikiwaambia "nataka mkate" kwa lugha ya vitabu vya fikihi. Mamangu alibaki Unguja. Habari zake sikuwa nazo, wala yeye zangu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Nasir, mwendesha kisima. Ng'ombe wake alikuwa akishuka mteremko na kupanda, akivuta kiriba cha maji, na gurudumu la mti likilia mchana kutwa. Mzee Nasir alikuwa hapaki mafuta gurudumu lile kwa makusudi.

"Likinyamaza," aliniambia, "ng'ombe hudhani kazi imekwisha."

Alinifundisha mambo ambayo mpaka leo nayaona ni elimu. Hodhi usilikaushe jua likiwa kali, chokaa ya udongo itapasuka. Litoe maji alfajiri, usugue ukoga kwa kuti, ujaze kabla ukuta haujapata moto. Ukitaka kujua linavuja wapi, usitazame ndani, tazama nje: nyigu wakikusanyika mahali pamoja ukutani, basi hapo pana unyevu. Na maji kabla ya kuyanywa uyatie kiganjani uyanuse, kwa sababu jicho linadanganywa na jua.

Kazi niliipenda. Lakini kazi ya hodhi ni kazi ya kukaa peke yako. Mzee Nasir jioni alikwenda kwake Ruwi, na mimi nilibaki na kibanda changu, mkeka, na msahafu. Watu wa shambani hawakuniita kwa jina. Waliniita "Zinjibari". Sikuchukia, kwani walikuwa hawana ubaya, ila mtu akikaa muda mrefu bila kuitwa jina lake huanza kujihisi kama amelisahau mahali.

Ng'ambo ya ukuta alikaa Bi Zuwena, mjane wa Kipemba aliyefika kama mimi, akipika vitumbua na kuviuza. Mlango wake ulikuwa mbali kuzunguka, kwa hivyo alikuwa akiita juu ya ukuta: "Masoud! Masoud weee! Njoo ule!" Siku zile yeye peke yake ndiye aliyelijua jina langu. Nami nilikuwa nikinyamaza kimya ndani ya kibanda mpaka akachoka. Niliona haya kula cha mjane. Na tena, niseme kweli, nikisikia Kiswahili kile cha nyumbani nilimkumbuka mamangu, nikaona bora nisikisikie.

Sasa nikufikisheni kwa Mgeni.

Kulikuwa na nahodha mmoja wa Sidab, mwenye chombo cha mashine, aliyekuwa akipeleka ndimu kavu Basra na kurudi na tende. Safari moja alirudi na mtoto wa fisi maji ndani ya kapu la matete. Watu wa mabwawani kule walikuwa wamemuua mama yake kwa ajili ya ngozi, na nahodha akamhurumia mtoto, akamleta zawadi kwa tajiri wetu. Watoto wa tajiri wakafurahi naye mpaka alipomng'ata mmoja wao kidole. Siku ile ile akaletwa shambani.

Mimi fisi maji sikuwa nimepata kumwona kabla. Unguja hawapo, jina lake tu nililisikia kwa watu wa bara. Nilipofunua kapu nikaona kichwa bapa, masikio madogo kama vifungo vya shati, na masharubu kuliko ya askari. Bi Zuwena alisikia kelele, akapanda kinu chake akachungulia juu ya ukuta.

"Nini hicho? Paka au panya?"

"Fisi maji, bibi."

"Fisi! Mna fisi humo ndani, nami nna kuku?"

"Huyu anakula samaki."

Akamtazama, akanitazama. "Hebu kaeni pamoja. Ahaa. Ndevu zenu moja. Ndugu yako huyo, mkaribishe vizuri."

Ndiyo nikamwita Mgeni, jina ambalo kwetu hupewa mtoto wa kike, maana alikuwa jike.

Nikwambieni niliyoyaona, kwani sikuwa na kitabu cha kunieleza. Mnyama huyu hazaliwi anajua kuogelea. Siku ya kwanza aliogopa hodhi, akalia kama mtoto anayepelekwa kutahiriwa. Niliingia mimi mwenyewe mpaka kifuani, nikamshika tumboni, naye akanipanda kichwani. Baada ya siku chache hutamtambua. Anazama bila kurusha hata tone, masikio na pua amevifunga, mkia unamsukuma, na juu ya maji unaona mapovu tu yamepangana kama tasbihi. Vidole vyake vimeunganishwa kwa ngozi. Yale masharubu si pambo: maji yakichafuka asione kitu, samaki akitikisika huku, yeye anajua kule. Akitoka, hajikung'uti tu na kulala. Hugaragara mchangani, akajisugua kwenye gunia, akajichana manyoya kwa meno mpaka yakasimama. Tena ana njaa isiyokwisha. Samaki wa asubuhi kufika adhuhuri ameshakuwa habari ya zamani. Kila mwenye punda aliyetoka soko la Matrah alinijua, kwa kuwa nilimwomba vichwa vya samaki na dagaa waliopondeka.

Na kila jioni, baina ya alasiri na magharibi, alipanda ukingo wa hodhi, akaelekeza uso upande wa wadi, lile bonde la mto mkavu, akapiga mluzi. Mluzi mmoja mwembamba, wa juu. Kisha akasikiliza. Akapiga tena. Akasikiliza. Nimeona watu wakingojea mengi katika maisha yangu, lakini sijaona aliyengoja kwa adabu kama yule mnyama. Baadaye nahodha alinieleza kwamba hao hukaa kwa ukoo, baba na mama na watoto wakubwa, na huitana hivyo kwenye matete giza likikaribia, wajue nani yuko wapi.

Nilitaka kumjibu kwa mluzi. Mzee Nasir akanikemea. "Usipige mluzi jioni, Zinjibari. Unawaita wasioonekana." Basi nikamjibu kama tulivyofunzwa kwetu kumjibu mkubwa anapokuita. Alipopiga mluzi, nilisema, "Labeka."

Aligeuka, akanitazama kwa upole, kama unavyomtazama mtu aliyekujibu swali ambalo hukumuuliza yeye. Kisha akageuza uso tena kuelekea wadi. Kila jioni yeye aliita, mimi nikaitika, na kila jioni hakuwa akiniita mimi.

Pakatokea shida ya hodhi. Wafanyakazi walikuwa wakitawadha kwenye ngazi zake, na Ijumaa walikuja hata wa mashamba ya jirani. Fisi maji ana mahali pake anapokwendea haja, hapo hapo kila siku, na harufu yake ni ya samaki aliyelala juani. Yeye alichagua ngazi ya pili. Watu wakanuna. Mmoja akaniambia, "Tunaingia kwenye sala tunanuka kama wavuvi." Mimi nilisoma kwamba maji yakiwa mengi hayaharibiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu, na maji yetu yalikuwa mengi. Lakini harufu ilikuwa hatua moja tu kutoka majini, na mtu asiyetulia moyo kwa udhu wake humfanyii wema kwa kumsomea masala ya vitabuni. Wakasema mnyama aondoke, na kuondoka kulikuwa ni kutupwa wadini, jua na mawe.

Mzee Nasir akaja na shauri. "Tumwoshe. Tumwoshe vizuri, awe safi kuliko wao. Watamlalamikia nini?"

Alhamisi alasiri ikawa kama harusi. Bi Zuwena alitoa kipande kizima cha sabuni ya kijani na dodoki. Mzee Nasir alimshika shingo, Bi Zuwena akasugua, mimi nikamimina maji.

"Tulia, mwana! Tulia! Hata bibi harusi hukandwa," alisema Bi Zuwena, povu limemfika kwenye nyusi.

"Na nyuma ya masikio," akaagiza Mzee Nasir.

"Masikio yenyewe yako wapi? Nitafutie kwanza."

Tulicheka siku ile. Mimi sikuwa nimecheka tangu nitoke Unguja. Tukamwosha mara tatu, kisha Bi Zuwena akamfukiza udi. Jioni Mgeni alinukia kuliko sisi sote, na hata walionuna wakaja kumnusa.

Asubuhi ya Ijumaa, msimu wa baridi, upepo ukitoka majabalini, aliingia hodhini kama kawaida. Hapakuwa na mapovu. Alizama nusu, akapigapiga miguu, akatoka amelowa kama tambara. Manyoya ya mnyama huyu, vijana wangu, ni ya tabaka mbili, na yale ya ndani hushika hewa yasiruhusu maji kuifikia ngozi. Mafuta ya mwili wake ndiyo yanayoyafanya hivyo. Sisi kwa kupenda usafi tulikuwa tumeyaondoa yote kwa sabuni. Maji yalipita mpaka kwenye ngozi. Alitetemeka, akakohoa, akakataa samaki.

Siku zile sikumruhusu kuingia majini. Nilimchimbia shimo kwenye mchanga mkavu penye jua, nikamsugua kwa gunia asubuhi, adhuhuri na alasiri, upande wa manyoya, si kinyume chake. Supu ya samaki nilimtilia mdomoni kwa kidole. Mzee Nasir alikaa kando yake. Siku moja akaja na bakuli la samli.

"Mafuta tumeyatoa sisi," alisema. "Basi tuyarudishe."

Bi Zuwena juu ya ukuta akapiga kelele: "Samli! Unamtibu au unamkaanga? Rudisha samli yako, mzee, atakuja liwa na sisimizi."

Mzee Nasir akairudisha. Lakini alfajiri moja nilimkuta anaswali kando ya shimo la yule mnyama, na baada ya kutoa salamu alikaa na mikono juu muda mrefu. Sikumuuliza alichoomba. Manyoya yalirudi kidogo kidogo, kwa kujilamba na kujichana mwenyewe. Siku niliyoyaona tena mapovu ya tasbihi juu ya maji, nilisujudu pale pale kwenye tope.

Mzee Nasir ndiye aliyetatua na lile jingine, la udhu. Mnajua desturi ya falaji, ile mifereji ya maji ya bara huku: maji yakitokeza kwanza ni ya kunywa, kisha ya msikitini, kisha ya kuogea, na mwisho yanakwenda kwenye mitende. Akasema hodhi letu tumelitumia ovyo, kana kwamba hatuna adabu hiyo. Tukafinyanga mfereji mdogo wa udongo na chokaa, watu wakatawadha penye maji yanayomiminika kutoka kisimani, kabla hayajaingia hodhini. Mgeni akapewa zamu yake mwisho, kabla ya mitende tu. Watu wakaridhika. Na mitende ile, kwa ile haja ya mgeni wangu, ilizaa mpaka tajiri akauliza tunaitia nini.

Miaka ikapita hivyo. Akawa mnyama mzima. Mluzi wa jioni haukukoma; ulizidi. Mwaka wa mwisho alikuwa akiita mpaka adhana, na siku nyingine akawaacha samaki wake wasiliwe.

Nahodha wa Sidab alipokuja kumwona, alikaa nami ukingoni akamsikiliza. Mwishowe akasema, "Huyu anaita watu wake."

"Najua."

"Kule mabwawani wapo. Safari yangu ya ndimu imekaribia. Nikimchukua, namwachia kwenye matete alikotoka."

Kisha akaongeza, "Lakini akijua kungoja mkono wako tu, atakufa na njaa wiki ya kwanza. Anajua kuwinda?"

Hajui. Nilikuwa nimemlisha mwenyewe tangu kapuni. Tajiri alipoulizwa, alisema hata hakukumbuka kwamba yule mnyama bado yu hai; tufanye tutakavyo. Kwa hivyo lililobaki lilikuwa langu mimi. Nikimfundisha kuwinda, ataondoka, nami nitabaki na hodhi na sauti ya gurudumu. Nisipomfundisha, atabaki nami, akiita upande wa wadi kila jioni mpaka roho imtoke. Niliswali rakaa mbili nikamwomba Mungu anionyeshe kheri, na nilikuwa naijua kabla sijatoa salamu.

Nikaanza kuchota samaki hai kwenye vidimbwi vya wadi, wale wadogo wanaodonoa miguu, nikawaleta kwa mtungi na kuwamimina hodhini. Kaa hai nao nahodha alinipatia. Samaki wa mkononi nikakatisha. Mgeni aliwafukuza wale wadogo kwa mchezo, akawaachia, kisha akaja mlangoni kwangu akakaa. Alinikuna mguu. Alilia. Nilijifungia ndani nikasoma Qurani kwa sauti ili nisimsikie, na nilimsikia.

"Masoud!" Bi Zuwena aliita juu ya ukuta. "Mtu mzima na ndevu zako unamnyima kiumbe samaki? Una roho gani weye?"

Safari ile nilitoka nikamjibu. "Nnamfundisha kuondoka, bibi."

Akashuka kwenye kinu chake bila kusema neno la kejeli, jambo ambalo sijaliona tena kwake maisha yote.

Njaa ikafundisha kuliko mimi. Kwanza alimkamata mmoja kwa bahati, akashangaa. Kisha akajifunza kuwabana pembeni. Kisha nikachafua maji kwa udongo makusudi asione kitu, naye akawakamata kwa masharubu yale. Ikafika asubuhi nikafungua mlango na hakuwapo hapo mlangoni. Alikuwa ukingoni anatafuna, kaanzia kichwa kama desturi yao, na hakugeuka kunitazama. Nilimshukuru Mungu, nikarudi ndani nikakaa kitako.

Siku ya kuondoka nilimpa nahodha maagizo mpaka akachoka. Pipa la maji matamu, abadan asimtie ya bahari, chumvi hugandisha manyoya. Gunia kavu kila siku. Na sabuni isimkaribie.

"Hata Ijumaa?" akauliza Mzee Nasir, na tukacheka kidogo, sisi tuliokuwa na mzigo vifuani.

Mgeni aliingia kapuni mwenyewe, kwa sababu nilitia ndani lile gunia lake. Nilimwambia, "Haya, kwaheri, mwanangu." Hakuna jingine la kusimulia hapo.

Baada ya hapo hodhi lilikuwa safi mno. Ile saa baina ya alasiri na magharibi nilikuwa sijui niiweke wapi. Mara nyingine ulimi wangu ulisema "labeka" peke yake, mbele ya maji yaliyotulia, nami nikaona haya kama vile pana mtu aliyenisikia.

Nahodha aliporudi na tende hakwenda kwao kwanza. Alikuja moja kwa moja shambani na vumbi lake. Akakaa pale ukingoni.

"Tulimpeleka kwa mtumbwi ndani ya matete," alisema. "Jioni, kama ile saa yake. Tukafungua kapu. Akatoka, akakaa kwenye ncha ya mtumbwi, hataki kuingia majini. Nikasema basi, huyu kashakuwa mtu wa Wattaya. Kisha akapiga ule mluzi wake."

"Mh."

"Akaitikiwa."

Nilimwomba aseme tena.

"Wallahi, Masoud, akaitikiwa. Kwanza upande mmoja, kisha na upande wa pili. Alisimama kwa miguu ya nyuma kama mtu. Akajitosa. Hatukumwona tena, mapovu tu, yanakwenda."

Alipoondoka, nilibaki pale mpaka jua likawa jekundu juu ya majabali. Nilifikiri ile miaka yote aliyoita bila kuchoka, na watu wake walikuwa hai, wakiitana vile vile, ila mbali tu. Mzee Nasir alikuwa ameshakwenda kwake. Gurudumu lilikuwa kimya. Na ng'ambo ya ukuta, kama kila jioni ambayo mimi nilijificha, sauti ikapanda:

"Masoud! Masoud weee!"

Nikasimama.

"Labeka, bibi," nikasema. "Nnakuja."

Upande wa pili nikasikia vyombo vikiongezwa mkekani.

Ewe usomaye haya, popote ulipo, Mwenyezi Mungu akunyweshe maji matamu duniani na akhera, akupe wa kukuita kwa jina lako na moyo wa kuitika, na kila uliyepoteana naye akukutanishe naye katika kheri. Amin.